Jolo Ilisema Hapana

Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Juu ya Ufilipino iliamua, kwa kauli moja ya majaji wake, kwamba mkoa wa Sulu, ambao makao yake makuu ni mji wa bandari wa Jolo, haumo katika Jimbo la Bangsamoro lenye kujitawala kwa mambo yake ya ndani, kwa kuwa wenyeji wa mkoa huo walipoulizwa kwa kura mwezi wa Januari 2019 walikataa kuingia humo. Tangu hapo hayajakoma maombolezo ya watu ambao aghalabu si wa Jolo, wanaodai kuwa mji huo umetengwa na ndugu zake katika dini na kwamba majaji wa Manila wameuvunja umoja wa Waislamu wa kusini. Nimeyasoma maombolezo hayo hata yamenichosha. Mimi naiona hukumu ile kuwa ya haki; na kama Jolo ilidhulumiwa, haikudhulumiwa na mahakama, bali na wale walioitunga sheria ya 2018 kwa namna iliyowezesha neno la kukataa lihesabiwe kuwa la kukubali.

Mji wenyewe uko upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa chenye jina hilo hilo, kisiwa cha milima ya volkano kilichokaa baina ya bahari mbili, ya Sulu na ya Celebes, katika mfuatano wa visiwa unaoanzia Basilan karibu na ncha ya Mindanao ukateremka hata kuikaribia pwani ya Borneo. Msomaji wa Mombasa au wa Unguja hana haja ya kuelezwa mengi juu ya maisha ya mji wa namna hii, maana huko nako pepo mbili za msimu, amihan itokayo kaskazini-mashariki na habagat itokayo kusini-magharibi, ndizo zilizokuwa zikileta vyombo na kuvirudisha kama kaskazi na kusi zilivyofanya kwetu. Na shehena iliyopakiwa, majongoo ya bahari, lulu, makombe ya chaza, na viota vya ndege vinavyoliwa na Wachina, ilikwenda China, nayo China na wafanyabiashara wa Kizungu wakaleta nguo, vyombo vya kaure, bunduki na baruti. Walikuwako na watumwa pia. Katika karne ya 18 na ya 19 utajiri wa Jolo ulisimama kwa sehemu kubwa juu ya jasho la mateka waliochukuliwa katika visiwa vya kaskazini, na mwenye kuandika tarehe ya bandari yoyote ya aina hiyo, ya huko au ya huku, haimpasi kulificha jambo hilo.

Uislamu ulifika mapema. Jiwe la kaburi lililoko Bud Dato, si mbali na mji, lina tarehe ya mwaka 710 wa Hijria, yaani 1310 wa Miladi, na silsila za kisultani zasimulia kwamba dola iliasisiwa karne moja baadaye na Sharif ul-Hashim, mtu wa ukoo wa Mtume aliyetoka Arabuni. Mwaka 1417 mmoja wa wafalme wa Sulu, Paduka Batara, alisafiri na msafara mkubwa kwenda kumzuru mfalme wa China, akafariki huko Dezhou alipokuwa akirejea, na kaburi lake lingaliko mpaka leo. Wenyeji, ambao ni Watausug, ni wa madhehebu ya Shafii kama walivyo Waislamu wengi wa pwani yetu, na lugha yao waliiandika kwa herufi za Kiarabu kama mababu zetu walivyoiandika ya kwetu. Hata katika mikahawa ya mji mteja huletewa kahawa, nao huiita kahawa, pamoja na sahani iliyojaa vitafunio vya kila namna, akala atakavyo, na wakati wa kuondoka akalipa vile alivyokula tu.

Nayataja haya ili ieleweke kwamba hatuzungumzi juu ya mkoa uliochorwa juzi na karani wa serikali. Jolo ilikuwa kiti cha dola wakati Manila yenyewe haijawa mji wa Wahispania. Na kwa sababu ilikuwa kiti cha dola, kila aliyeitamani bahari ile aliiendea yeye kwanza: Wahispania waliishambulia mwaka 1578, wakaikalia tangu 1638 hata 1646, wakaichoma 1851, na mwaka 1876 gavana wao Malcampo akaiteka na kuweka ngome ambayo baadaye ilizungushiwa ukuta wa mawe. Mwaka 1898, kwa Mkataba wa Paris, Hispania ikaikabidhi Marekani visiwa vya Ufilipino kwa dola milioni 20, Sulu ikihesabiwa ndani yake, wala hapakuwa na Mtausug mmoja katika baraza lile. Mwaka uliofuata jenerali wa Kimarekani akaja na mkataba mwingine, akaufunga na Sultani Jamalul Kiram wa Pili. Mwaka 1904 Marekani ikaufuta peke yake bila ya kungoja ridhaa ya mwenziwe. Mwezi wa Machi 1906 askari wake wakapanda mlima wa Bud Dajo, usio mbali na mji, wakaua mamia ya watu waliokimbilia huko, wanaume na wanawake na watoto, watu waliokuwa hawataki kutozwa kodi na utawala wasioukubali. Mwaka 1915 Sultani akaivua enzi yake ya kidunia mbele ya Gavana Carpenter wa Marekani. Na mwezi wa Februari 1974, katika vita baina ya jeshi la Manila na wapiganaji wa chama cha ukombozi cha Wamoro, yaani Waislamu wa kusini, mji ukateketea kwa moto na maelfu ya watu wake wakakimbilia baharini.

Katika miaka hiyo yote hatima ya Jolo iliamuliwa na wengine, na hapo ndipo ulipo uzito wa shauri hili lote. Chini ya Katiba ya Ufilipino ya 1987 iliwekwa shuruti kwamba jimbo la Waislamu litaundwa kwa kura za wananchi, na kwamba litaingia humo mikoa, miji na maeneo yale tu yatakayopiga kura ya kukubali. Mwaka 1989 Sulu iliulizwa, ikakubali, ikawa miongoni mwa mikoa minne ya mwanzo. Baada ya miaka thelathini ikaulizwa tena, kwa kuwa jimbo la zamani lilikuwa linavunjwa na jingine jipya, lenye bunge lake na serikali yake, linasimamishwa mahali pake. Safari hii waliokubali walikuwa 137,630, na waliokataa 163,526. Tofauti ni kura 25,896, nayo si tofauti ya kubahatisha.

Kwa hesabu ya kawaida jambo lingekwisha hapo. Lakini Sheria Namba 11054 ya mwaka 2018 ilikuwa imeagiza kwamba mikoa mitano ya jimbo la zamani ihesabiwe kuwa eneo moja, kura zake zichanganywe, na jibu la wengi liwe jibu la wote. Zikachanganywa. Katika jimbo lote la zamani waliokataa walikuwa 198,750, maana yake ni kwamba katika kila watano waliokataa, wanne walikuwa watu wa Sulu. Na watu hao wote wakazamishwa ndani ya kura 1,540,017 za kukubali, zilizotoka kwa sehemu kubwa Mindanao bara. Jambo hili nalifananisha na kadhi aliyemwendea mwanamwali kumtaka ridhaa yake, akaambiwa waziwazi kuwa hataki, kisha akafungisha nikahi kwa hoja kwamba dada zake wanne wamekubali.

Na tazama jinsi sheria hiyo hiyo ilivyowatendea wengine siku hizo hizo. Mji wa Isabela, uliomo ndani ya kisiwa cha Basilan, ulikataa kwa kura 22,441 dhidi ya 19,032, ukaachwa nje na hapana aliyeulilia. Mji wa Cotabato ulikubali kwa kura 36,682 dhidi ya 24,994, ukaingizwa. Miji sita ya Lanao del Norte ilikubali, ikaachwa nje, kwa sababu mkoa wake mama haukuridhia kuitoa. Vijiji 63 vya mkoa wa Cotabato ya Kaskazini vilikubali, miji yake mama ikaridhia, vikaingizwa. Kijiji kilistahili kuulizwa peke yake na jibu lake likaheshimiwa. Mkoa mzima wa Sulu, wenye nasaba ya kisultani ya karne tano, haukustahili. Nani awezaye kuniambia kwa uso mkavu kwamba hiyo ni haki? Waliokuwa nje walipimwa mmoja mmoja, na waliokuwa ndani wakafungwa mtumba, kwa sababu watunga sheria walijua, au walikhofia, kwamba mmoja wao angetaka kutoka.

Wanaopinga hukumu wana hoja zao, na insafu yataka zitajwe. Wanasema Sulu ndiyo chimbuko la Uislamu katika nchi ile, na kwamba jimbo la Waislamu lisilokuwa na Sulu limepungua. Ni kweli, lakini upungufu wa jimbo si sababu ya kumshika mtu asiyetaka kukaa. Wanasema amani iliyotiwa saini mwaka 2014 itatikisika, na kwamba viti 7 vya Sulu katika bunge la viti 80 vimevuruga uchaguzi wa kwanza, ambao kweli uliahirishwa. Walakini taabu hiyo ni tunda la kuingiza ndani ya bunge viti vya watu waliokataa. Wengine wanakhofia kwamba mahakama za sharia zitakoma Sulu. Hao nawakumbusha kwamba kanuni ya sheria za Waislamu katika ndoa, talaka na mirathi ni amri ya nchi nzima tangu 1977, nayo haikutegemea jimbo hili wala haitoki pamoja nalo.

Ipo hoja moja, walakini, ambayo inanimalizia subira, nayo ni ile isemayo kwamba watu wa Sulu hawakupiga kura kwa hiari yao bali walifuata matakwa ya watawala wao, kwa kuwa ni gavana wa mkoa aliyekwenda mahakamani. Katika mkoa wa Lanao del Sur kura za kukubali zilikuwa 503,420 na za kukataa 9,735, na huko nako kulikuwa na viongozi, na koo kubwa, na watu waliohimiza. Mbona matokeo hayo yalipokewa kwa shangwe bila ya yeyote kuuliza nani alimwongoza nani? Au akili ya Mwislamu maskini hukamilika pale anapokubali tu, na akikataa huwa ametumwa? Watausug walikuwa na sababu zao wenyewe. Jimbo jipya lilitokana na mapatano ya chama ambacho mizizi yake iko kwa Wamagindanao na Wamaranao wa bara; makao yake yako Cotabato, ng'ambo ya Ghuba ya Moro; ilhali njia ya mtu wa Jolo, akitafuta hospitali, chuo, au soko la samaki wake, huelekea Zamboanga, kiasi cha kilomita 150 kwa meli ipakiayo jioni na kufika alfajiri.

Mwezi wa Julai 2025 Rais wa Ufilipino alitoa amri ya kuiweka Sulu katika eneo la utawala la Rasi ya Zamboanga. Kwa jiografia amri hiyo naiafiki, lakini sifichi kwamba hata hapo wenyeji hawakuulizwa kwa kura, na serikali ingefanya vyema kuwasikiliza kwanza juu ya mishahara, shule na hospitali zilizokuwa chini ya jimbo.

Amma wale wanaotafuta sasa njia ya kuirudisha Sulu kwa mapatano ya wakubwa, wajue kuwa njia ya halali ni moja tu. Waende Jolo, waseme na watu wa Jolo, wawaonyeshe faida ya kuwa pamoja, kisha iitishwe kura nyingine katika Sulu peke yake, ihesabiwe katika Sulu peke yake, na jibu litakalotoka, liwe ndiyo au hapana, liandikwe kama lilivyo.