Zege halilali, ila jukwaa linahitaji siku saba za maji

Tangu Namungo FC icheze Ligi Kuu msimu wa 2019/20, Simba na Yanga wamekuwa wakifunga safari hadi Ruangwa, Uwanja wa Majaliwa. Majirani wa Nachingwea wanajiuliza: na sisi lini? Swali zuri, ila lina mwenzake: jukwaa likijengwa leo, miaka 20 ijayo litakuwa salama?

Mtaani tunasema "zege halilali". Ukishalichanganya, limwage siku hiyo hiyo. Ni kweli, tena kwa jua la Lindi usisubiri hata saa mbili. Tatizo wengi wanadhani mechi imeishia hapo. Kumwaga ni kipindi cha kwanza tu.

Kosa la kwanza ni maji mengi kwenye mchanganyiko. Vibarua wakichoka wanaongeza ndoo ili zege liteleze. Maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, nguvu inashuka, na unyevu unapenya hadi kwenye nondo. Nondo ikipata kutu inavimba, inapasua zege kutokea ndani. Shabiki anakuja kuona ufa wakati ugonjwa una miaka.

Kosa la pili ni kinyume chake: maji kidogo baada ya kumwaga. Zege halikomai kwa kukauka, linakomaa kwa unyevu. Lifunikwe magunia na kumwagiliwa angalau siku saba. Hapo linakuwa limefikisha kama theluthi mbili ya nguvu yake, na kipimo kamili husomwa siku ya 28. Lakini nenda saiti nyingi siku ya tatu: magunia makavu, fundi kashahamia kazi nyingine.

Saruji si kisingizio, kiwanda cha Dangote kipo hapo Mtwara. Kinachosahaulika ni bajeti ya maji. Kiangazi, zege linagombea ndoo na jikoni, na jikoni lazima lishinde. Kwa hiyo boza la maji na mshahara wa mmwagiliaji viandikwe kwenye mkataba kama inavyoandikwa nondo.

Macho ya nchi yako AFCON 2027 na viwanja vikubwa. Sawa. Ila Bodi ya Ligi haijaacha kufungia viwanja vya mikoani, na timu ikihamishwa, mama ntilie na bodaboda wa mjini ndio wanaopoteza pointi tatu. Kabla ya kukata utepe, wananchi waombe karatasi moja tu: majibu ya vipimo vya siku ya 28.