Paa la Reksini: Urembo au Mzigo?

Mwezi huu naomba tuongelee kitu kilichowakosanisha wachumba wawili ninaowafahamu hapa Karatu: paa la gari. Usicheke. Watu wameshaachana kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Iko hivi. Kaka anataka kununua gari dogo la zamani, Ford Cortina ya miaka ya 70, bodi nyeupe, paa limevikwa reksini nyeusi. Mpango wake ni kulitumia siku ya harusi yao, halafu walikodishe kwa maharusi wengine wanaokuja kupiga picha huku kwetu, kwenye mashamba ya kahawa mpaka geti la Ngorongoro. Dada anasema hela hiyo ni ya kiwanja. Tena anasema lile paa ni wigi tu, gari limevaa kuficha kipara. Wakaniletea kesi niamue.

Haya, tuanze na hilo wigi. Paa la vinili, ambalo fundi wa makochi atakuambia ni reksini tu, ni plastiki yenye kitambaa upande wa chini, inagundishwa juu ya bati la paa. Mtindo huo ulitamba Marekani na Uingereza miaka ya 1960 na 1970. Wazo lilikuwa gari la kawaida lifanane na yale ya kifahari yenye paa la kitambaa la kufunua. Cortina ya toleo la tatu, iliyoanza kuuzwa 1970, kwenye daraja la GXL ilikuja na paa hilo kutoka kiwandani.

Kaka ana hoja, tusimwonee. Kwanza, linapendeza. Weusi juu ya weupe unalifanya gari lionekane refu na la heshima, na kwenye picha za harusi halikosei. Pili, kama gari lilitoka kiwandani hivyo, wapenda magari ya zamani wanataka libaki hivyo. Ukilivua unapunguza uhalisia wake, na pengine bei. Tatu, mvua ikinyesha mlio wake juu ya bati unapungua kidogo. Kwa wapenzi wanaotaka kuongea bila kupigiana kelele, si haba.

Sasa upande wa dada. Adui wa kwanza wa reksini ni jua, na sisi tuko karibu na ikweta, tena milimani, ambako jua linachoma kuliko unavyolihisi kwenye ngozi. Plastiki inapoteza ile mafuta inayoifanya iwe laini, inakauka, inakunjamana, mwisho inapasuka. Nyeusi ndiyo inashika joto zaidi. Vumbi letu jekundu nalo linajaa kwenye vinyweleo vyake, ukisugua kwa nguvu umeikwangua kama msasa.

Adui wa pili ni maji, na huyu ndiye mbaya. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai ukungu unakufuata, na masika ya Machi hadi Mei hayana mzaha. Maji yanapita kwenye mishono, kwenye mikanda ya pembeni na chini ya mpira wa kioo cha nyuma. Yakishaingia kati ya gundi na bati hayana pa kutokea. Kutu inakula kimya kimya, juu reksini inang'aa kama kawaida. Siku unagundua, bati limekuwa kama chapati iliyoungua.

Linganisha na Land Rover za zamani zenye paa la turubai, ambazo huku tumezizoea. Turubai likilowa unalifungua, unalianika, ukichoka nalo unalivua. Halafu bodi ya Land Rover hizo kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, haishiki kutu kama bati la chuma (chesisi yake ndiyo ya kuiangalia). Reksini ya Cortina haivuliki jioni ikarudishwa asubuhi. Imegundishwa. Na kwenye biashara ya picha, kumbuka Cortina itaishia kwenye lami ya geti la Lodoare. Kushuka kreta ni kwa magari ya foo-wili tu.

Niliwapa kazi kabla ya hukumu. Nendeni na fundi wa bodi, si rafiki wa muuzaji. Bonyezeni paa kwa vidole, hasa kuzunguka vioo: likibonyea au likitoa mlio wa kuchakarika, chini kuna kutu. Pitisheni sumaku juu ya kitambaa laini. Isiposhika, hapo kuna puti, si bati. Angalieni silingi ndani kama ina madoa ya maji, na vuteni pumzi: harufu ya uvundo haidanganyi. Mwombeni muuzaji afungue mkanda mmoja wa pembeni. Akikataa, amewajibu.

Na kama ni kulibadilisha, msidanganywe na bei ya reksini kwa mita. Kazi kamili ni kutoa vioo na mikanda, kukwangua gundi yote ya zamani, kutibu kutu, kupiga praima, ndipo mgundishe upya kwa gundi inayohimili joto. Fundi wa makochi anaweza kushona vizuri sana, lakini kochi halikai juani.

Tulipofika kwenye hesabu, nikauliza kila mmoja ataweka kiasi gani. Kaka akanyamaza. Kumbe alishampa muuzaji kishika uchumba cha gari, kutoka kwenye akiba yao ya pamoja, wiki tatu nyuma. Dada hakupiga kelele. Alisema tu, "Kwa hiyo mimi nilikuwa nabishana na nini muda wote huu?"

Hapo ndipo nilipojua kesi yenyewe. Ndugu yangu wa kiume unayesoma, mwanamke anaweza kuishi na gari usilolihitaji. Hela iliyotoka bila yeye kujua ndiyo inayomkosesha usingizi, maana anajiuliza kuna nini kingine. Na wewe dada, ukiwa wa kwanza kucheka kila ndoto yake, usishangae akianza kuzificha.

Hukumu yangu: kama reksini ni ya kiwandani na bati ni zima, liacheni, lioshwe kwa sabuni laini na brashi laini, lilale kivulini. Kama kuna kutu, achaneni nalo, hata kishika uchumba kikipotea. Na kama gari halikuwahi kuwa na reksini, msiliwekee.

Juzi walikwenda pamoja, na fundi, na sumaku. Muuzaji amekubali kufungua mkanda Jumamosi. Dada ndiye anayeshika daftari la akiba sasa, na kaka mwenyewe ndiye aliyempa. Harusi iko palepale.

Tukutane mwezi ujao.