Namba mbili zikifanana, chuma hakifanani

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu ya ukimya huo ndiyo mada ya leo. Kazi yangu ni kuandika programu, si kufua chuma. Lakini programu yangu ndogo imechangia kisima kimoja cha Lowarengak kukaa siku tisa bila maji, na naona ni haki nieleze kosa lilikuwa wapi.

Kwa wasioijua, Lowarengak iko kaskazini mwa Turkana, ufuoni magharibi mwa ziwa, si mbali na mpaka wa Ethiopia. Pampu ikiharibika huko, huendi dukani ukanunua spea. Fundi wa Lodwar au Kakuma huagiza Nairobi, au hukereza kipande kutokana na stenlesi aliyonayo. Swali lake huwa moja: kitabu cha pampu kinataka chuma hiki, mimi nina kile, je, kitafaa?

Niliandika programu ili kujibu swali hilo. Kila upande wa dunia una jina lake la chuma. Stenlesi ambayo Wamarekani huiita 304, Ulaya ni 1.4301, Japani ni SUS304 na China ni 06Cr19Ni10. Ile ya 316 ni 1.4401, SUS316 na 06Cr17Ni12Mo2. Vipimo vyake vinatofautiana kidogo tu kati ya nchi na nchi, kwa hiyo kutafsiri majina ni kazi nyepesi ya jedwali. Mpaka hapo sikukosea.

Kisha nikaongeza safu ya "mbadala". Nikaangalia 304 na 316: zote zina kromiamu na nikeli, kwa kawaida zote hazishikwi na sumaku, na nguvu zake zinakaribiana. Nikaweka alama ya = katikati yake, nikalala usingizi.

Siku moja fundi, rafiki yangu wa Lodwar, akanipigia simu. Kaplingi ya shafti ya pampu, kipande cha kufuliwa, ilikuwa imepasuka. Kitabu kilisema 1.4401, naye alikuwa na fimbo ya 304. Nikafungua programu na kumwambia, "Weka tu ndugu yangu, ni sawa."

Haikumaliza mwaka. Alipofungua pampu alikuta vishimo vidogo chini ya sili, kama mti ulioliwa na bungua, na ufa ulianzia hapo hapo. Siku hizo tisa akina mama walirudi kufukua mchanga wa laga kutafuta maji. Mimi nilikuwa na maji ya bomba.

Tofauti ilikuwa molibdenamu. 316 inayo asilimia 2 hadi 3, na 304 haina. Hiyo ndiyo inayoisaidia kustahimili kloraidi, yaani chumvi. Mwongozo unaotumika sana husema 304 inafaa kwenye maji yenye kloraidi isiyozidi miligramu 200 kwa lita, na 316 hadi 1,000, kwa joto la kawaida. Joto likipanda, viwango hivyo hushuka. Mahali maji yanaposimama, kama chini ya sili, hali huwa mbaya zaidi. Kisima chetu kiko karibu na ziwa ambalo lina takriban gramu 2.5 za chumvi kwa lita, na ukiyaonja maji ya kisima unaijua chumvi hiyo. Programu yangu haikuuliza habari za maji hata mara moja.

Kwa hiyo nilihitaji mshale, si alama ya =. Mara nyingi 316 huweza kushika nafasi ya 304. Kinyume chake hutegemea maji.

Najua kuna atakayesema: basi tumia 316 kila mahali, yaishe. Hapana. Shafti nyingine hutengenezwa kwa 17-4PH, ambayo ikikazwa kwa moto huweza kupita megapaskali 1,000 kabla ya kujipinda. Kwa 316 ya kufuliwa, kiwango cha chini kinachodaiwa ni 205 tu. Utabaki na shafti inayong'aa lakini imepinda. Hata 316 kwa 316 si sawa: kipande kilichofuliwa vizuri, nyuzi za chuma hufuata umbo lake, lakini ukikikereza kutoka kwenye fimbo, unazikata.

Halafu iko 201, ambayo sehemu ya nikeli imebadilishwa na manganizi ili bei ishuke. Sumaku haiikamati vilevile, kwa hiyo ukiuziwa kwa jina la 304, sumaku yako haitakuokoa. Dai cheti cha kiwanda.

Maoni yangu ni haya. Majedwali mengi ya "chuma sawa" huanza na chuma, na hilo ni kosa. Yaanze na maji. Uganda ilijifunza hivyo: mwaka 2016 wizara ya maji ilisimamisha mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki kwenye pampu za mkono kwa sababu ya kutu. Nasi Turkana tulitangaziwa hazina ya maji ya Lotikipi mwaka 2013, kisha vipimo vikaonyesha yana chumvi nyingi. Huwezi kukisia maji ya mahali.

Sasa programu inauliza mambo matatu: maji yana nini, kipande kinabeba mzigo gani, na kilitengenezwaje. Bila kipimo cha maji, inakataa kujibu. Rafiki yangu analalamika kwamba ina maswali kama askari wa mpakani. Namwambia vijikaratasi vya kupimia kloraidi ni rahisi kuliko safari moja ya kwenda Lowarengak na kurudi.

Kaplingi ya sasa ni ya 316, ya kufuliwa. Ilikuja na basi kutoka Nairobi pamoja na cheti chake. Wewe fundi unayesoma hapa, swali gani la nne ungeliongeza? Niandikie, nitaliweka.