Chumvi na Stima Hazikai Pamoja

Huenda utashangaa kuona habari za samaki wa baharini katika gazeti la wakulima, na hali sisi wa Satellite tuko mbali na bahari, mwendo wa karibu kilomita 500. Lakini wapo watu huku kwetu wanaofuga samaki wa rangi kutoka pwani katika matangi ya kioo, wengine kwa kupamba nyumba, wengine kwa biashara. Mimi sina neno na kazi hiyo. Neno langu ni juu ya stima.

Mwezi wa Julai nilimtembelea jirani mmoja. Nikaona unga mweupe umeshika plagi ya pampu na kutambaa hadi kwenye soketi. Yeye alidhani ni vumbi la ukuta. Jioni ile mtoto wake alishika taa ya tangi, stima ikamrusha. Tunamshukuru Mungu alipona. Unga ule ulikuwa chumvi.

Mambo haya hutokeaje? Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Mapovu ya pampu hupasuka na kurusha matone madogo. Maji hukauka, chumvi hubaki, nayo huongezeka kila siku na kufuata waya. Tena chumvi hunyonya unyevu wa hewa, hasa siku za baridi na ukungu. Ikilowa, hupitisha stima mahali isipotakiwa, na hula shaba mpaka iwe na kutu ya kijani. Hapo plagi hupata moto, na nyumba huweza kuungua. Nilipokuwa nasomea ualimu tulitia nyaya za betri ya tochi katika maji safi, balbu isiwake. Tulipotia chumvi, ikawaka. Basi ikiwa betri ndogo hufanya hivyo, je, stima ya volti 240?

Yafaa kufanya hivi:

1. Soketi ikae ukutani kando ya tangi, si chini yake.

2. Waya ushuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni lisiingie ndani.

3. Funika tangi, upunguze matone yanayoruka.

4. Kila juma zima swichi, chomoa plagi, kisha futa chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi kilichokamuliwa, na ukaushe vizuri. Plagi iliyoingiwa na chumvi ndani, itupe.

5. Fundi mwenye leseni akutilie waya wa ardhini na swichi inayojikata yenyewe stima ikivuja. Ya kulinda watu ni ile ya miliampea 30.

Najua wengine watasema swichi hiyo ni ghali. Lakini watu hao hao hununua samaki, taa na mawe ya kupamba, halafu huunganisha vyote kwa waya mmoja uliochakaa. Huku kwetu vyumba vya mabati vimeshikana, na waya wa jirani hupita juu ya mlango wako. Hatari ya tangi moja ni ya ploti nzima. Kwa hiyo mimi nasema: swichi kwanza, samaki baadaye. Asiyeiweza swichi, angoje.

Nawe usiye na samaki, usicheke. Mashine ya kukatia majani iliyo karibu na chumvi ya ng'ombe, au swichi iliyoegemezwa magunia ya mbolea, hupatwa na ugonjwa ule ule, kwa maana mbolea nyingi nazo ni chumvi za namna yake. Ziweke mbali.

Leo jioni, kabla ya kulala, chukua tochi uangalie plagi zako. Ukiona unga mweupe usiuguse. Zima stima kwanza kwenye swichi kubwa.