Hadithi Iko Jikoni, Nyie Mnaitafuta Wapi?

Ndugu wasomaji, leo naomba mnivumilie. Nina neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na nisipolitema hapa sijui nitalitemea wapi.

Mimi ni msichana wa Temeke. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kutosemwa mbele ya wageni, na tangu hapo nafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kumsaidia mama kupika maandazi na chapati za kuuza asubuhi. Ya pili ni kuandika riwaya. Ya kwanza inanilisha, ya pili inaninyima usingizi.

Sasa sikilizeni kisa. Tuna kikundi chetu cha waandishi chipukizi, vijana kumi na kitu, tunakutana Jumamosi kusomeana kazi zetu. Zamu yangu ilipofika nikasoma kurasa saba za mwanzo wa riwaya yangu. Ni wanawake wa nyumba moja ya kupanga, wamekaa uani usiku wa kuamkia Idi, wanachambua mchele na kuzungumza. Nikamaliza, kimya. Halafu kaka mmoja, ambaye sote tunamheshimu kwa kusoma vitabu vingi, akavua miwani yake, akasema: "Dada, lugha unayo. Lakini hizi ni stori za akina mama jikoni. Bei ya vitunguu, mchele wa wapi, nani kapika nini. Hadithi yenyewe iko wapi?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Si mnajua tena, ukichekwa unajichekea na wewe ili isiume sana.

Miezi miwili baadaye kikundi kikaandaa hafla ya kufunga mwaka. Kikao kikagawa kazi. Kaka wa miwani, kutoa mada. Mwingine, kutafuta ukumbi. Mwingine, risala. Na mimi je? "Dada, wewe utatusimamia pilau." Nikasimamia. Niliamka saa kumi alfajiri, nikatwanga kitunguu thaumu mpaka vidole vikawasha. Kaka wa miwani alikula sahani mbili, na ukoko akaomba. Siku hiyo hakuuliza kitu kiko wapi.

Basi hapo ndipo nilipopata hasira ya kuandika makala hii. Nasema wazi, na atakayekasirika na akasirike: waandishi vijana wa mji huu tunadharau maneno ya jikoni kwa sababu hatujawahi kuyasikiliza. Tunayaita umbea. Tunadhani hadithi ni lazima iwe na bastola, gari jeusi na mrembo wa hotelini. Na kumbe mji mzima unapigiwa hesabu uani, juu ya ungo, kila siku ya Mungu.

Aliyeuliza hadithi iko wapi, nitamwonyesha ilipo.

Turudi kwenye ule uani wangu. Ni usiku wa mwezi ishirini na tisa Ramadhani. Mwezi ukionekana, kesho Idi. Usipoonekana, kesho kufunga. Wote wanasubiri tangazo la Mufti redioni. Kwako wewe uliyekaa sebuleni hayo ni mambo ya kalenda. Kwa mpishi ni balaa. Nyama anunue sasa hivi au asinunue? Akinunua na mwezi usiandame, italala wapi? Friji uani liko moja, la mama wa chumba cha mbele, na LUKU yake imekata tangu mchana. Asiponunua na mwezi ukaandama, asubuhi buchani foleni ni ya kukanyagana na mafupa ndiyo yatakayobaki. Shilingi yenyewe aliyonayo ni ya nyama mara moja tu. Jamani, kama huo si mkasa, mkasa ni nini?

Shangazi mmoja akatoa rai: "Wenzangu, tununue. Mwezi usipoandama tunaichemsha kwa chumvi na tangawizi mpaka maji yakauke, inafika kesho kutwa bila tatizo." Wakakubaliana. Maneno yakahamia kwenye mchele. Mmoja kauziwa mchele unaoitwa wa Kyela, mwenzake akachukua punje tatu, akanusa, akatafuna, akasema, "Mwenzangu, umepigwa. Hapa Kyela ni jina tu, wamechanganya." Wakacheka. Wakaenda kwenye vitunguu, kwamba vya Singida vimeadimika. Wakaenda kwenye nazi.

Pembeni alikuwepo mama mmoja kijana, ana watoto watatu. Alikuwa anawasaidia wenzake kuchambua, ungo wake mwenyewe mtupu magotini. Akasema taratibu, kama anayesemesha kuku, "Mimi mwaka huu wala sijisikii kupika pilau. Tumelizoea mno."

Hakuna aliyemjibu. Mazungumzo ya vitunguu yakaendelea vilevile. Ila shangazi aliponyanyuka kwenda kuchochea jiko, alipita pale akamwaga kopo moja la mchele kwenye ule ungo mtupu. Wa pili naye akapita, kopo moja. Wa tatu, kopo. Wa chumba cha mbele akatupia viazi mbatata vinne na pakiti ya bizari nyembamba, akisema kwa ukali, "Hebu nichambulie na hivi, mimi macho yananiuma." Hakuna aliyemtaja mume aliyekwenda machimboni na hajatuma kitu tangu mfungo uanze. Hakuna aliyesema pole. Walibishana tu kama hiliki inatiwa nzima au ya kutwanga, mpaka ungo ukajaa.

Kaka yangu, hadithi ndiyo hiyo. Ilipita mbele ya macho yako ukurasa wa tano, ukaona bei ya vitunguu.

Mtasema huo ni moyo wa huruma tu, fasihi inataka mambo mazito, siasa na uchumi. Haya, tuongee uchumi. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika nchini, kwa vile mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, sisi wa maandazi tulijua kabla ya magazeti. Tulijua siku Mangi alipoanza kuuza robo tu, kilo hataki. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipopanda, na vita ya Ukraine ikazidisha, mama yangu hakusoma gazeti. Alisoma kipimo cha mafuta ya kupima. Bei ile ile, chupa imepungua vidole viwili. Akapunguza ukubwa wa andazi badala ya kupandisha bei, kwa sababu, alisema, "Mtoto wa shule ana mia mbili yake ya kila siku, ukimwambia mia tatu umemfukuza." Hebu niambieni, hiyo si siasa?

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Jambo jema, moshi unaua. Lakini nenda uani ukasikilize wanavyolijadili. Tatizo, wanasema, si mtungi mdogo wa gesi. Mtungi wengine tulipewa, wengine tulinunua kwa pesa ya mchezo kijumbe alipotufikia. Tatizo ni siku gesi inapokwisha. Kujaza kunataka pesa yote kwa mkupuo, na mkaa unanunua kopo moja kwa shilingi uliyoshika leo. Anayepata riziki kwa siku ananunua kwa siku. Sentensi hiyo moja niliisikia kwa mama asiyemaliza darasa la saba, huku anapepea jiko kwa kipande cha boksi. Mwandishi anayetaka kueleza umaskini wa mji akiikosa sentensi hiyo, ataandika kurasa mia tatu za machozi na hatakuwa amesema kitu.

Kuna wengine watakuja na hoja ya vitabu, eti fasihi yetu haina utamaduni huo. Haina? Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate akiwa mgonjwa alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha. Mama anaongea na mwanawe wa kike mambo ya dini, ya adabu na ya unyumba. Maneno ya ndani kabisa! Na leo, zaidi ya miaka 160, wasomi hawajamaliza kuuchambua. Mimi sikubaliani na yote aliyomwambia bintiye, lakini sitasema hakusema kitu.

Siti binti Saad, kabla sauti yake haijafika Bombay kurekodiwa mwaka 1928, alikuwa akitembeza vyungu vya kupikia. Shaaban Robert, na ushairi wake wote ule, hakuona haya kukaa chini akaandika wasifu wake. Shafi Adam Shafi aliwachukua makuli wa bandarini Unguja, watu wa kubeba magunia, akatupatia *Kuli* mwaka 1979. Kama aliyebeba gunia la mchele bandarini anafaa kuwa mhusika wa riwaya, aliyeupika mchele wenyewe ana kosa gani?

Angalieni kazi zetu wenyewe, zile tunazosomeana Jumamosi. Mgeni akiingia, "mama akaleta chai." Basi, imekwisha. Chai ile sukari yake ilitoka wapi? Nani alitumwa dukani, na kwenye daftari la Mangi deni limefika ngapi? Mama yule alikunywa, au alisema ameshiba ili vikombe vitoshe? Tunawapitisha mama zetu kwenye riwaya kama watumishi wa jukwaani. Wanaingia na sinia, wanatoka, na sisi tunaendelea kupiga falsafa.

Tena naomba nieleweke, nisije nikasingiziwa. Sisemi jikoni ni peponi. Uani pana umbea, tena mkali. Pale pale juu ya ungo nimesikia msichana akichambuliwa kuliko mchele. Nimesikia mke aliyepigwa akiambiwa avumilie, ndiyo ndoa. Niliwahi kuondoka pale nikilia. Lakini hilo nalo ni la kuandikwa. Mkono ule ule uliomwaga kopo la mchele kwenye ungo wa jirani ndio uliomnyooshea kidole binti wa watu. Mwandishi anayeogopa utata huo akauze vocha.

Na mimi mwenyewe nina kosa la kukiri. Baada ya kuchekwa, nilizifuta zile kurasa saba. Nikaandika upya. Nikaweka mpelelezi, mrefu, mwenye koti, anayeruka kutoka mji huu hadi ule akimsaka jambazi wa kimataifa. Niliona sasa nimekuwa mwandishi. Usiku mmoja mama akaniambia nimsomee, yeye anakanda unga wa kesho. Nikamsomea sura mbili nzima. Alisikiliza vizuri, hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Mwanangu, huyu bwana anakula saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Sura mbili, siku nne za safari, na mtu wangu hajatia kitu mdomoni. Hana njaa, hana deni, hana mama. Hakuwa mtu. Nikampa mama zile karatasi, akafungia maandazi.

Zile kurasa saba nimezirudia. Hazijarudi kama zilivyokuwa, mambo mengine nimeyasahau, na yule shangazi amehama, yuko Mbagala. Hiyo ndiyo hasara ya kudharau. Maneno ya jikoni hayakai kwenye kabati yakusubiri. Watu wanahama, wanakufa, na maneno yanakwenda nao. Leo muulize kijana wa mjini kifumbu ni nini. Muulize kasimile. Muulize kupalia pilau ni kufanya nini. Atakutolea macho, na bado anajiita fundi wa Kiswahili.

Kwa hiyo, waandishi wenzangu, nawapa kazi ndogo. Sikukuu ijayo, iwe Idi, iwe Krismasi, usikae sebuleni kungoja sahani. Nenda uani. Usiende na daftari, watakunyamazia. Chukua ungo, chambua mchele, funga mdomo. Sikiliza nani kasema hajisikii kupika, na nani kabadilisha mazungumzo upesi. Usiku ukirudi chumbani ndiyo uandike. Kaka zangu, nanyi mnakaribishwa, mikono mnayo. Mchele mmoja, mapishi mengi.

Na kile kikundi chetu kinajua kwamba mwisho wa mwaka unakuja tena. Pilau nitapika, sina kinyongo. Ila safari hii anayetaka kula atafika saa kumi na moja alfajiri. Kisu kipo, na kitunguu thaumu kipo, cha kutosha. Kaka wa miwani atamenya, na mimi nitamsomea kurasa zangu saba, mwanzo hadi mwisho, mpaka sufuria ishuke.