Masta siyo dawa ya kila GPA

Nilipotea kidogo, si mnajua tena mambo ya boksi na kitabu. Leo nina dukuduku.

Tangu nimalize digrii ya biolojia hapa Marekani na kukosa nafasi ya udaktari wa meno, kila mtu ananipa ushauri uleule: soma masta. Hata mama juzi kwenye simu: "Mwanangu, si uongeze digrii tu?" Shikamoo mama, lakini kwanza tujiulize, fomu yangu ilianguka wapi?

Jibu ninalo. Mwaka wa pili nilikuwa nabeba boksi usiku, saa mbili asubuhi niko kwenye kemia nasinzia. C zikamiminika, nikaja kumaliza na GPA ya 3.0. Jeraha liko kwenye sayansi za digrii ya kwanza, basi na dawa niipake hukohuko. Ndiyo maana bado mnaniona hapa chuoni, nachukua masomo mojamoja.

Tupige hesabu. Krediti 120 kwa 3.0. Nikiongeza krediti 30, A tupu, nafika 3.2. Mwaka mzima wa msuli kwa pointi 0.2, jamani! Na ukirudia somo, AADSAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi vya meno hapa, unahesabu alama zote mbili. Ile mbovu haifutiki.

Sasa nahangaika ya nini? Kwa sababu msomaji wa fomu haangalii namba moja tu, anaangalia na miaka. Akikuta C za zamani zimefuatwa na A za biokemia, fiziolojia na mikrobiolojia, anaanza kuamini kwamba huyu ataweza mzigo wa miaka minne ya chuo cha meno. Alama za masta zinahesabiwa kivyake, na ada yake si mchezo. Sisemi haifai. Zipo masta za kuwaandaa watu kama sisi, na kuna waliotoka nazo. Ila isiwe kimbilio la kukwepa kujikagua. Kama kilichokuangusha ni mtihani wa DAT, masta ya nini? Rudi kwenye DAT.

Kingine ni kliniki. Safari ya kwanza niliandika kwamba napenda kusaidia watu. Nani hapendi? Siku hizi Jumamosi nakaa kliniki namtazama daktari wa meno akifanya kazi. Wiki iliyopita mzee mmoja alishika mikono ya kiti akitetemeka kwa kuogopa sindano. Daktari akaiweka chini, wakapiga stori za wajukuu mpaka mzee akasema mwenyewe, "Haya, endelea." Barua ya kujieleza ina herufi 4,500 tu, na hiyo stori lazima iingie.

Wenzangu wa viza ya F-1, kabla ya kulipa ada ya maombi ulizeni kama chuo kinapokea wanafunzi wa kigeni. Vingine havipokei kabisa. Na ukikataliwa, omba kuambiwa ulipungukiwa wapi. Wapo wanaojibu, na jibu moja hilo linaweza kukuokolea ada ya mwaka mzima.

Mama bado hajakubali. Nimemwambia anisubiri matokeo ya biokemia. Naomba kutoa hoja.