Wito kwa Watu wa Kibaha na Kisarawe Juu ya Vihisi Vilivyofichwa

Jamaa zangu wa Kibaha na Kisarawe, walimu, wanafunzi, na nyinyi mafundi mshindao na bisibisi vibarazani pa Maili Moja: juzi nililetewa kompyuta mpakato ya mtumba, iliyowekewa Linux kwa kuwa mwenyewe hakumudu leseni ya Windows, nayo ilikuwa na moto usiostahimilika kiganjani, ilhali feni yake i kimya kama maji mtungini. Nikaandika amri ya «sensors», ya kusomea vihisi. Ikanitajia joto la prosesa, nyuzi 91, basi. Feni haikuitaja kabisa, kana kwamba haimo.

Nayo imo. Chipu ndogo ya udhibiti huvisoma vihisi usiku na mchana na kuweka tarakimu zake katika vyumba 256 vya kumbukumbu. Ila mtengenezaji hakubainisha chumba kipi ni cha joto na kipi ni cha mizunguko ya feni, akaifundisha siri hiyo programu yake ya Windows peke yake. Nami naona huo ni udhalimu, maadamu aliyenunua mashine amenunua na vihisi vyake.

Dawa yajulikana, nayo yataka watu kuliko fedha. Husomwa vyumba vyote mashine ikiwa baridi, kisha hutiwa kazi nzito mpaka ipate moto, vikasomwa tena na kulinganishwa: chumba kinachopanda pamoja na joto ndicho cha kushukiwa, na feni aghalabu hukaa katika vyumba viwili vilivyopakana. Wasimamizi wa hwmon, sehemu ya Linux ishughulikayo na vihisi, ni hodari, lakini hawawezi kuandika wala kujaribu draiva, yaani programu ya kusomea vihisi, ya mashine wasiyopata kuitia mkononi. Na mashine hizo tunazo sisi.

Wala tusijidharau. Kituo chetu cha elimu cha Kibaha kilijengwa kuanzia 1963 na Tanganyika pamoja na mataifa ya Kaskazini mwa Ulaya, Finland ikiwamo, kikakabidhiwa serikali yetu 1970; na ni huko Helsinki mwanafunzi Linus Torvalds alikotoa Linux mwaka 1991. Nao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kupokea tumepokea, na kutoa tumekwisha kutoa.

Tahadhari mbili. Someni tu, msiandike kitu katika vyumba hivyo: programu ya lm_sensors, kwa kupapasa tu, iliwahi kuharibu kumbukumbu ya baadhi ya ThinkPad za IBM. Na kabla ya kuwapelekea wasimamizi wa hwmon matokeo, futeni namba ya utambulisho ya mashine, isije ikamfuata mwenyewe.

Basi nashauri, wakuu wa shule wakiridhia, Jumamosi moja ya kila mwezi wa Kibaha wakutane Sekondari ya Kibaha na wa Kisarawe Sekondari ya Minaki. Na halmashauri zetu, kabla ya kulipia kompyuta za shule, zimtake muuzaji aiwashe moja kwa Linux na kuonyesha kasi ya feni yake. Kila mtu aje na mashine na chaja. Asiye na mashine aje na daftari na kalamu, kwani sharti mmoja aandike tarakimu huku mwenziwe ameinamisha sikio, akisikiliza feni inapoanza kuvuma.